Mhasibu yuko Dar, kompyuta iko Nyanda za Juu

Kisa hiki ni cha chama kimoja cha akiba na mikopo kilichopo katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Jina la chama, la mji na ya wahusika nimeyaondoa. Viongozi waliniruhusu kuandika kwa sharti hilo. Mimi ndiye fundi niliyeifanya kazi. Nimeamua kukieleza kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi ya kufungua kompyuta ya Linux kutoka mbali huanzia kwenye kioo na kuishia kwenye kioo: weka programu fulani, tunga nenosiri, unganisha. Kwetu sisi kioo kilikuwa kazi ya nusu saa. Kilichotula wiki sita ni njia ya kufika, umri wa mfumo, na betri moja ndogo kama sarafu.

## Usuli

Ofisi ina vyumba viwili na kompyuta moja ya mezani. Ni Pentium 4 ya biti 32, ramu GB 1, diski GB 80, na kibandiko cha nyuma kinaonyesha ilitengenezwa 2005. Mfumo wake ni Xubuntu 14.04, aina mojawapo ya Linux, toleo la Aprili 2014 lililoacha kupata marekebisho rasmi miaka mitatu baadaye. Fundi yeyote akiiona atasema wekeni mfumo mpya au nunueni mashine nyingine. Nami ndivyo nilivyotaka kusema, mpaka nilipoona kilichomo ndani yake.

Daftari zima la wanachama, yaani hisa, akiba, mikopo na marejesho, ni programu ya PHP 5 (lugha ya kuandikia programu za wavuti) iliyoandikwa na kijana aliyewahi kujitolea pale na ambaye hapatikani tena. Programu na hifadhidata yake ya MySQL zinakaa ndani ya kompyuta hiyohiyo, na karani huifungua kwa Firefox kwenye anwani ya `localhost`, yaani kompyuta yenyewe. Kila ukurasa wa programu hiyo unaongea na hifadhidata kwa `mysql_connect` na amri za ukoo wake. Amri hizo ziliondolewa kabisa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, na Xubuntu 16.04 ilikuja na PHP 7. Kwa hiyo kupandisha mfumo hadi toleo hilo tu kungelifunga daftari la wanachama zaidi ya mia tatu. Siku moja programu itabidi iandikwe upya, lakini siku hiyo haikuwa wiki ile ya kufunga hesabu.

Mhasibu wa chama, mama wa makamo mwenye uzoefu mrefu, alihamia Dar es Salaam kumuuguza mama yake mzazi. Chama hakikutaka kumpoteza, na hapakuwa na mtu mwingine wa kufunga hesabu za mwezi. Miezi miwili ya mwanzo karani alipiga picha kioo kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, akamtumia kwa WhatsApp, na mama akajumlisha kwenye karatasi. Mwezi wa tatu hesabu zilikataa kukutana. Wakatafuta siku nne, kumbe picha mbili zilirukwa. Ndipo Katibu akanipigia simu.

"Fundi, tunataka mama aione kompyuta kama vile amekaa hapa ofisini."

Nikaipokea sentensi hiyo kama ilivyo. Nitairudia mbele, maana ndimo lilimokuwa kosa langu la kwanza.

## Safari ya kwanza

Nilisafiri kwa basi, nikafika asubuhi. Kabla sijagusa chochote nilitoa nakala ya hifadhidata kwa `mysqldump`, nikaiweka kwenye flashi mbili, moja nikamkabidhi Mwenyekiti mkononi. Faili zima lilikuwa megabaiti chache tu. Mzee alishangaa kwamba miaka yote ya chama inaenea kwenye kitu cha ukubwa wa kidole, akaifungia kabatini.

Halafu nikachagua programu ya kioo. Kwenye Linux ya namna hii njia ni mbili. Ya kwanza ni kumfungulia mgeni kikao chake kipya, kisichoonekana na aliyekaa mbele ya kompyuta. Hivyo ndivyo inavyofanya programu ya xrdp, na zile za kawaida za VNC (utaratibu wa kupeleka kioo kwa mtandao) kwenye Linux pia. Ya pili ni kumwonyesha mgeni kioo kilekile kilichopo, kipanya kilekile, kibodi ileile. Hiyo ni kazi ya x11vnc. Katibu alisema "kama vile amekaa hapa", nikachagua x11vnc. Sababu nyingine ilikuwa ramu: GB 1 inabeba Xfce, yaani madirisha na menyu za Xubuntu, na Firefox moja kwa shida, na kikao cha pili chenye Firefox yake kingeifanya mashine igande.

```
x11vnc -display :0 -auth guess -rfbauth ~/.vnc/passwd -forever -localhost
```

Neno la mwisho katika amri hiyo ni muhimu kuliko nenosiri. VNC ya kawaida huangalia herufi nane tu za mwanzo za nenosiri, hata ukiandika ishirini, na yanayopita baada ya hapo hayafichwi njiani. Kwa `-localhost` mlango wa VNC, namba 5900, hausikilizi mtu wa nje kabisa. Anayetaka kuingia lazima apitie SSH kwanza, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao, ambayo inaficha kila kitu. Kwa taarifa za fedha za watu, sikuona njia nyingine ya kukubali.

Kuna jambo moja lililonipotezea saa nzima siku ile. Kioo kilionekana vizuri kwenye laptopu yangu, kisha baada ya dakika kumi kikawa cheusi. Xubuntu 14.04 ndiyo iliyoleta light-locker, programu ya kufunga kioo, na light-locker inapofunga kioo haifuniki kile kilichopo, bali inahamia kioo kingine cha kuingilia, na x11vnc inabaki imekodolea kile cha kwanza kilicholala. Niliiondoa nikarudisha xscreensaver, ambayo hufunga palepale. Sikutaka kuacha kioo bila kufuli kabisa, kwa sababu wanachama huingia hadi mezani.

Nikafungua mlango wa SSH kwenye rauta ya ofisi, ambayo inatumia laini ya simu. Nikajaribu kwa laptopu yangu nikiwa palepale ofisini, ikafunguka. Karani akapiga makofi, nikapanda basi la jioni kurudi Dar.

Dar haikufunguka.

## Kwa nini haikufunguka

Nilimwomba karani anisomee anwani ambayo rauta imepewa na mtandao wa simu. Ilianza na 100, nukta, themanini na kitu. Hapo nikajua. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano zenye wateja wengi kuliko anwani za hadharani. Wateja wengi wanakaa nyuma ya anwani moja ya nje, kama wapangaji wa nyumba yenye lango moja lisilo na bawabu wa kupokea wageni. Ukitoka mwenyewe unapita na majibu yako yanakufuata. Mtu wa nje akibisha hakuna wa kumwelekeza mlango wako. Kufungua mlango kwenye rauta ya ofisi hakusaidii chochote, maana lango kubwa lipo mbele yake, mikononi mwa kampuni.

Haya nilikuwa nayajua. Nilichokosa ni kujaribu nikiwa nje ya mtandao wa ofisi. Ningewasha data ya simu yangu mwenyewe, nikaunganisha laptopu nayo, ningeligundua nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha ofisi, kabla ya nauli na kilomita zile zote.

## Uamuzi: kompyuta itoke yenyewe

Kama wa nje haingii, basi wa ndani na atoke. Nilipima njia nne.

Programu maarufu za kuona kioo kwa mbali, zile za kubofya na kupewa namba, nilizijaribu kwanza kwa sababu ndizo rahisi kwa mtumiaji. Matoleo mapya niliyojaribu hayakukubali kukaa juu ya mfumo wa 2014 wa biti 32. WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta kwa njia ya siri, ingependeza, lakini iliingia ndani ya kerneli (kiini) ya Linux kuanzia toleo 5.6 la Machi 2020, na kerneli yetu ni 3.13; kuijenga pembeni kwenye mashine iliyo mbali nami, kwa mikono ya karani, ni kujitafutia balaa. Kuomba anwani ya hadharani kwa kampuni ya simu kungetaka mkataba mwingine. Ikabaki SSH ya kinyumenyume: kompyuta ya ofisi inapiga simu kwenda seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya hadharani, inaacha laini wazi, na kila anayetaka kuingia ofisini anapitia laini hiyo. SSH ilikuwepo tayari. Seva ni ya dola 5 kwa mwezi, yenye Ubuntu 22.04.

Tatizo: nani aandike amri? Karani, kwa simu, nami nikimsomea.

"Dada, andika ssh, nafasi, kistari, halafu N kubwa."

"Kistari kirefu au kifupi, kaka?"

"Kile kilicho kando ya sifuri."

Tulikwenda hivyo kwa subira, na nampa heshima yake hapa, maana alikuwa hajawahi kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, maishani. Alitengeneza ufunguo, ambao ni jozi ya mafaili yanayochukua nafasi ya nenosiri, akahamishia lile la hadharani kwenye simu kwa waya, akanitumia. Nikauweka kwenye seva. Akajaribu. `Permission denied`.

Tukarudia mara tatu. Nilidhani amekosea herufi. Kisha nikasoma kumbukumbu za seva, nikakuta mstari unaosema aina ya ufunguo, ssh-rsa, haimo katika zinazokubalika. Kumbe karani hakukosea kitu. Nilimwambia atengeneze ufunguo wa RSA kwa mazoea yangu. SSH ya Xubuntu 14.04 ni toleo 6.6, na inapotumia ufunguo wa RSA hutia saini kwa mbinu ya zamani ya SHA-1 tu, kwa kuwa saini mpya za RSA zilikuja na toleo 7.2. Kuanzia toleo 8.8 la Septemba 2021, OpenSSH inakataa saini za SHA-1, na seva yetu ilikuwa na 8.9. Mmoja hana saini mpya, mwingine hataki ya zamani, na aliyesimama katikati anaambiwa hana ruhusa, basi.

Ukitafuta suluhisho la haraka utaambiwa uiamuru seva ikubali SHA-1. Usifanye hivyo, kwa sababu seva ndiyo iliyo hadharani, ndiyo inayobishwa hodi mchana na usiku. Dawa ilikuwa ndani ya mashine kongwe yenyewe: OpenSSH inaijua aina nyingine ya ufunguo, ed25519, tangu toleo 6.5 la Januari 2014. Mashine yetu ilikuwa imeiwahi kwa toleo moja tu, bahati yetu.

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh -N -R 2222:localhost:22 ofisi@seva
```

Safari hii ilikaa kimya bila kurudisha neno. Nikajaribu kutoka Dar, nikaingia. Nilimwambia karani akanywe chai.

Kwenye seva ufunguo ule niliufungia masharti: `restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2222",command="/bin/false"`. Atakayeiba kompyuta ya ofisi hataweza kupata terminali kwenye seva kwa ufunguo huo, wala kusikiliza mlango mwingine wowote.

## Kuifanya idumu

Handaki, yaani ile laini ya SSH, likianzishwa kwa mkono hufa na mtandao. Nilitaka lijifufue. Maelekezo karibu yote ya leo yanaanza na `systemctl`, amri ya systemd, mwanzilishi wa huduma za mfumo, nayo 14.04 haiijui amri hiyo. Systemd ilikuwa ya kawaida kwenye Ubuntu kuanzia 15.04. Huku mwanzilishi wa huduma ni Upstart, na faili lake hukaa `/etc/init`:

```
start on runlevel [2345]
stop on runlevel [016]
respawn
setuid karani
env AUTOSSH_GATETIME=0
exec autossh -M 0 -N -o ServerAliveInterval=30 -o ServerAliveCountMax=3 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 2222:localhost:22 ofisi@seva
```

Mambo mawili humo yalinigharimu, nami nayataja ili yasimgharimu mwingine. Bila `AUTOSSH_GATETIME=0`, autossh, programu inayoanzisha SSH upya inapokatika, ikishindwa mara ya kwanza ndani ya sekunde 30 inakata tamaa na kujizima. Kompyuta ikiwaka kabla rauta haijashika mtandao, kila asubuhi itashindwa mara ya kwanza. La pili liko upande wa seva. Umeme ukikatika ofisini, seva haijui; inaendelea kuushikilia mlango 2222 kwa ajili ya marehemu, na handaki jipya likija linakuta kiti kimekaliwa. Niliweka `ClientAliveInterval 30` kwenye seva ili imsahau asiyejibu ndani ya dakika moja na nusu.

## Kioo kinafanya kazi, na kinaharibu

Mama akafungua kioo cha ofisi akiwa Dar kwa mara ya kwanza siku ya Jumatano. Nilikuwa nimezima picha ya ukutani na madoido ya madirisha, na kushusha rangi kwenye programu yake, kwa hiyo kioo kilikwenda taratibu lakini kilitumika. Alifurahi sana. Jioni alinitumia ujumbe wa shukrani na swali: mbona bando limekwisha?

Hilo la bando lilikuwa dogo. Jumatatu iliyofuata lilitokea kubwa. Karani alikuwa anaandika marejesho ya mkopo wa mwanachama aliyesimama mbele yake. Mama, asijue, akafungua kioo na kubofya ukurasa wa mwanachama mwingine ili aangalie salio. Vidole vya karani vilikuwa bado vinaandika, macho yake yako kwenye noti. Kiasi kikaangukia kwenye ukurasa wa mtu asiyehusika, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Waligundua kesho yake, kwa kuwa mwanachama aliye makini alilinganisha stakabadhi yake na kitabu chake cha akiba. Fedha haikupotea. Lakini chama cha akiba na mikopo kinasimama juu ya imani ya watu kwamba namba zao hazitembei. Katibu alinipigia akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii kitu ni salama. Nilimwambia ukweli: nilivyoiweka, hapana. Tukaizima siku hiyohiyo.

Ndipo nilipomuuliza mama swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Sikumuuliza anataka kuona nini. Nilimuuliza anafanya nini, hatua kwa hatua, anapofunga mwezi.

"Shikamoo mama. Naomba unieleze, ukikaa kwenye ile kompyuta unafungua nini na nini?"

"Marahaba mwanangu. Mimi? Nafungua lile daftari tu. Nachapa ripoti ya mikopo, ripoti ya akiba, naweka maingizo ya kufungia. Basi. Vingine vyote ni vya binti."

Daftari tu. Na daftari ni ukurasa unaofunguliwa kwa kivinjari. Hakuhitaji kioo hata siku moja. Alihitaji mlango namba 80 wa kompyuta ile ufike kwenye laptopu yake, afungue Firefox yake mwenyewe, kwa jina lake la kuingilia ambalo programu ilikuwa nalo tangu mwanzo. Handaki lilelile linabeba hilo bila kuongeza programu yoyote:

```
ssh -J mama@seva -p 2222 -L 80:localhost:80 mama@localhost
```

Nilijaribu kwanza kutumia mlango 8080 upande wake, kama wengi wafanyavyo, na kurasa zikavunjika baada ya kubofya mara moja: kijana aliyeandika programu alikaza anwani `http://localhost/` ndani ya viungo vyote. Laptopu yake ni ya Windows, ambayo haizuii mtumiaji wa kawaida kutumia mlango 80, kwa hiyo nikaupokeza vivyo hivyo, na viungo vikaja sawa. Nikampa faili moja la kubofya mara mbili. Karani anaandika marejesho, mama anasoma salio, na hakuna anayegusa kipanya cha mwenzake. Bando lake la siku mbili likamtosha wiki, kwa kuwa sasa yanayosafiri ni maandishi na namba badala ya picha ya kioo kizima.

x11vnc sikuitupa. Imebaki imezimwa, nami naiwasha kwa SSH pale tu karani anaponiomba nimwelekeze kitu huku wote tunakiangalia.

## Ijumaa ya umeme

Mwezi ulipokuwa unakwisha, umeme ulikatika Ijumaa jioni na kurudi usiku. Kompyuta haikurudi. Mama alijaribu Jumamosi yote na Jumapili yote. Jumatatu karani alifungua ofisi, akakuta kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayosema kumbukumbu za BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Linux, zimeharibika, bonyeza F1 kuendelea. Alibonyeza, ikawaka.

Safari ya kwanza nilikuwa nimeingia kwenye BIOS na kuiamuru iwake yenyewe umeme ukirudi. Sikuangalia betri ya mazabodi, ile CR2032. Ilikuwa imekufa, labda zamani sana. Betri ikifa, mpangilio wa BIOS unashikiliwa na umeme wa ukutani peke yake. Umeme ukikatika, agizo langu la kuwaka linafutika pamoja na kila kitu, na mashine inasimama kumsubiri binadamu. Agizo la kuwaka umeme ukirudi lilitegemea umeme uleule usikatike. Hakuna SSH wala VNC inayofika kwenye ukurasa wa F1, kwa sababu Linux bado haijaanza.

Kulikuwa na la pili, baya zaidi. Saa ilirudi Januari 2005. Kwa kawaida 14.04 husahihisha saa kutoka mtandaoni inapoungana na mtandao, lakini asubuhi hiyo bando la ofisi lilikuwa limekwisha. Karani aliandika stakabadhi tisa kabla ya kuona tarehe. Stakabadhi tisa za watu tisa, zenye tarehe ya miaka ambayo chama hakikuwepo.

Tulizisahihisha pamoja: nakala ya hifadhidata kwanza, kisha orodha ya stakabadhi iliyosainiwa na Katibu, kisha marekebisho, kisha wanachama tisa wakapigiwa simu warudishe karatasi zao zibadilishwe. Sikutaka kubadilisha tarehe kimyakimya ndani ya hifadhidata hata kama ningeweza kwa mstari mmoja. Mkaguzi akija mwakani lazima akute karatasi inayoeleza.

Nilirudi safari ya pili. Betri mpya. BIOS iwake umeme ukirudi, na isisimame kwa hitilafu ndogo kama kibodi kukosekana. Ndani ya Linux, `FSCKFIX=yes` katika `/etc/default/rcS`, ili diski ikikutwa na kasoro baada ya umeme kukatika ghafla irekebishwe bila kuuliza ndiyo au hapana kwa mtu asiyekuwepo. Kisha nikachomoa waya ukutani mimi mwenyewe, nikahesabu dakika tano, nikauchomeka. Nikafanya hivyo mara tatu, baada ya kuzima MySQL, nikiwa nimeunganisha laptopu kwa data ya simu yangu. Mara zote tatu handaki lilirudi bila mkono wa mtu.

## Uchambuzi

Nikiangalia nyuma, mpangilio wangu wa kazi ulikuwa umepinduka. Nilianza na kioo, nikaenda kwenye mtandao, nikamalizia kwenye umeme. Kompyuta yenyewe huamka kinyume chake: umeme, BIOS, diski, mtandao, SSH, na kioo mwisho kabisa. Kila ngazi ya chini ikiyumba, zilizo juu yake hazina maana. Kwenye mashine mpya ngazi za chini mara nyingi ni nzima na mtu anaweza kuzisahau. Kwenye mashine ya 2005 zinadai zikaguliwe kwanza, na waya wa ukutani ndio chombo cha majaribio.

Kosa la kupokea ombi kama lilivyo lina uzito zaidi kwangu kuliko la betri. Betri ni kitu cha kukagua, unakiandika kwenye orodha yako. Lakini "aione kompyuta" lilikuwa jibu la Katibu kwa tatizo alilolifahamu yeye, na mimi ndiye niliyepaswa kulirudisha kuwa swali. Ningemuuliza mama siku ya kwanza, ile namba isingeangukia kwa mtu asiyehusika. Najua mafundi wenzangu watasema mteja ameomba kioo mpe kioo. Kwa kazi ya picha au ya kuchora sawa. Kwa hifadhidata inayoandikwa fedha za watu, vipanya viwili juu ya kioo kimoja ni hatari, na sitaiweka tena.

Yaliyofaa yalikuwa machache na ya kawaida. Nakala kabla ya kugusa. VNC kutofunguliwa nje hata kwa saa moja. Kuacha seva iwe mpya na kali, huku mashine kongwe ikitafutiwa lugha wanayoielewa wote wawili. Na karani kufundishwa badala ya kuzungukwa; leo anajua kuangalia kama handaki liko hai, naye ndiye anayenipigia kabla mama hajapiga.

Upo upungufu ambao handaki haliufichi. Mfumo haupati marekebisho ya usalama. Tulipunguza hatari kwa kukataza kuvinjari intaneti kwenye kompyuta hiyo na kwa kutokuwa na mlango wowote ulio wazi kwa nje, lakini hiyo ni kupunguza tu. Taarifa za wanachama sasa zinafika kwenye laptopu iliyo mji mwingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inakihusu chama kidogo kama inavyoihusu benki. Kwa ushauri wangu bodi iliandika barua inayosema nani anaingia, kwa kazi gani, na ufunguo wake utafutwa lini akiacha kazi. Diski ya laptopu ya mama imefungwa kwa usimbaji. Kila usiku nakala ya hifadhidata hupanda handaki kwenda sehemu ya pili.

Nakala hizo ndizo ninazozitegemea zaidi sasa. Katika safari ya pili nilipima diski kwa `smartctl`, nikakuta sekta kadhaa zimekwisha hamishwa, dalili kwamba diski imeanza kuchakaa. Nimewaonyesha viongozi namba hiyo, na bodi imetenga fedha za kuandika daftari upya. Mama ameanza kuniandikia, kwa mkono, kila ripoti anayoitumia na namna anavyoijumlisha, karatasi moja kwa kila ripoti. Amefika ya sita.